Ardhi ya Waalgonkini haikuwa tupu, na jembe si hati yake pekee

Juni 2025 jarida la Science lilichapisha ripoti kutoka msitu ulio kando ya Mto Menominee, kaskazini mwa jimbo la Michigan, Marekani. Droni yenye mtambo wa laida, unaopima sura ya ardhi kwa mionzi ya leza, ilikuwa imerushwa juu ya msitu huo kabla majani mapya hayajafunga. Kompyuta ilipoiondoa miti kwenye picha, chini yake yalionekana matuta. Yalikuwa yamepangwa sambamba, kundi baada ya kundi, katika eneo linalokaribia hekta 95, yakiwa na kimo cha sentimita 10 hadi 30. Mababu wa Wamenominee, mojawapo ya makabila ya Waalgonkini, walianza kuyalima kwenye miaka ya 1000 hivi, wakawa wakiyajenga upya mara kwa mara hadi kukaribia mwaka 1600.

Hapo ni karibu na ukingo wa kaskazini kabisa ambako mahindi yanaweza kukomaa. Kiangazi ni kifupi, theluji huwahi, na katika karne za mwisho za kilimo hicho hali ya hewa ya kaskazini ilikuwa imezidi kupoa. Walilima hivyo hivyo. Walifyeka msitu, wakabeba udongo wa kinamasi na taka za majumbani, wakaurutubishia mchanga usio na nguvu. Timu iliyoongozwa na Madeleine McLeester wa Chuo cha Dartmouth, ikishirikiana na watu wa kabila lenyewe na Chuo cha Taifa la Menominee, haikukuta karibu na mashamba hayo mji mkubwa wala dalili ya mfalme aliyeamuru kazi ile. Hilo liliwashangaza wengi, maana tumezoea kufundishwa kwamba kilimo cha ukubwa huo hakifanyiki bila dola ya kukisimamia.

Nimezifurahia habari hizi, na wakati huo huo zimenitia wasiwasi. Furaha yangu haihitaji maelezo: watu waliosemwa kwa karne nne kuwa wazururaji wa porini wameonekana kuwa wakulima hodari, na ushahidi umelala chini ya miguu ya kila aliyewahi kupita msitu ule akiusifu kwa kutoguswa na binadamu. Wasiwasi unatokana na jinsi tunavyozipokea. Kila tuta likigunduliwa tunashangilia kana kwamba sasa ndipo haki ya watu hao juu ya ardhi imethibitika, kumbe tunaukubali mtihani uliotungwa na aliyewanyang'anya. Je, pale ambapo wataalamu hawataona matuta, tutasema nini?

Mtihani huo una tarehe. Mwaka 1629 John Winthrop, aliyekuja kuwa gavana wa koloni la Massachusetts, alijenga hoja kwamba wenyeji hawakuzungushia ardhi uzio, hawakuwa na makazi ya kudumu wala mifugo ya kuiendeleza, kwa hiyo haki yao ilikuwa ya kimaumbile tu, na Waingereza wangeweza kuchukua iliyobaki mradi wawaachie ya kuwatosha. Miaka 60 baadaye mwanafalsafa John Locke aliifanya hoja hiyo nadharia kamili: ardhi ni ya anayeitolea jasho, na Amerika ilikuwa mfano wake wa nyika isiyo na jasho la mtu. Msomaji wa Afrika Mashariki hapaswi kuiona hii kama historia ya mbali. Amri ya Kaisari wa Ujerumani ya Novemba 1895 iliitangaza ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani isiyothibitishwa kuwa na mwenyewe kuwa mali ya Dola, na sheria ya ardhi ya Kenya ya mwaka 1902 ilijengwa juu ya wazo hilo hilo la ardhi isiyokaliwa. Maneno yalivuka bahari yakakuta watu wengine, na matokeo yakawa yale yale.

Kabla sijaendelea, niseme ni akina nani ninaowazungumzia. Kialgonkini ni jina la familia ya lugha, kama tunavyosema Kibantu, na si kabila moja. Familia hiyo ilienea kutoka pwani ya Carolina hadi Labrador, ikazunguka Maziwa Makuu, ikafika kwenye mbuga za magharibi walikoishi Wacheyenne na Wablackfoot. Wamo wakulima wa Virginia, wavunaji wa mchele wa majini wa Minnesota, na wawindaji wa Quebec ambao hawakupanda hata punje. Wanaisimu wanakadiria kwamba lugha mama yao ilisemwa miaka 3,000 hivi iliyopita mahali fulani katika ukanda wa Maziwa Makuu. Vigae na mifupa, hata hivyo, havitoi sauti. Ukichimba makazi ya miaka 4,000 huwezi kuapa wenyewe walisema lugha gani, na mwanaakiolojia mwaminifu hukiri hivyo hata pale ambapo wajukuu wa eneo hilo wana sababu nzuri za kuwaita waliozikwa pale mababu zao.

Sasa twende Virginia, mahali ambapo akiolojia ya watu hawa imezaa matunda kuliko kwingi. Waingereza walipotua Jamestown mwaka 1607, nchi ile iliitwa Tsenacommacah. Makabila takriban 30, yenye watu wanaokadiriwa kufika 15,000, yalimtolea kodi Wahunsenacawh, ambaye Waingereza walimwita Powhatan. Mji wake mkuu ulikuwa Werowocomoco, ukingoni mwa Mto York. Huko ndiko alikopelekwa Kapteni John Smith, mmoja wa Waingereza hao, akiwa mateka mwishoni mwa mwaka huo, na huko ndiko inakosemwa kutokea hadithi ya Pocahontas, binti wa Powhatan, kumwokoa, hadithi iliyomeza kila jambo lingine ambalo dunia ingepaswa kulijua kuhusu mji ule.

Kwa vizazi kadhaa watu wa wilaya ya Gloucester walikuwa wakionyesha dohani ya mawe huko Wicomico, wakisema ndiyo mabaki ya nyumba ya Powhatan. Walitafuta jiwe. Mji wenyewe ulikuwa kilomita kadhaa kutoka hapo, katika shamba kwenye ghuba ya Purtan, na haukuwa na jiwe lolote la kuonyesha. Nyumba za Wapowhatan zilijengwa kwa miti michanga iliyokunjwa ikafungwa juu, kisha ikafunikwa kwa mikeka ya matete au kwa magome. Nyumba ya aina hiyo ikiachwa huoza yote. Linalobaki ni tundu la nguzo: mti unaoza ndani ya ardhi, nafasi yake inajaa udongo mweusi zaidi, na miaka 400 baadaye mchimbaji akiondoa kwa uangalifu tabaka la juu lililotifuliwa na plau, anaona duara dogo jeusi kwenye udongo wa njano. Duara moja halina maana. Yakiwa 30 yamejipanga kwa mkunjo, una nyumba.

Uchimbaji ulianza mwaka 2003 chini ya Martin Gallivan wa Chuo cha William & Mary na wenzake. Kabla koleo halijagusa udongo, waliwaita viongozi wa makabila ya Virginia wakaunda bodi ya ushauri. Nalitaja mapema kwa makusudi, kwa kuwa mambo mengi mazuri ya mradi ule yalitokana na uamuzi huo. Makabila yaliuliza maswali ambayo wanahistoria wa Jamestown hawakuwa wakiyauliza. Wanahistoria walitaka kujua Smith alisimama wapi. Makabila yalitaka kujua mji ulikuwa na maana gani kabla Smith hajazaliwa.

Jibu lilipatikana ndani kidogo, mbali na mto. Palikuwa na mitaro miwili iliyokwenda sambamba kwa mkunjo, yenye urefu unaozidi mita 200, ikitenga upande wa mtoni uliojaa makazi na eneo la ndani. Upande wa ndani ndiko zilikokutwa alama za jengo refu la mita 22 hivi kwa mita 6, kubwa kupita nyumba ya kawaida. Mitaro yenyewe si ya wakati wa Powhatan. Vipimo vya kaboni vinairudisha hadi karne ya 13. Kuna ramani ya mwaka 1608 ambayo balozi Zúñiga wa Hispania aliipata kwa siri London akampelekea mfalme wake, na pale penye Werowocomoco imechorwa alama inayofanana na herufi D. Watu waliitazama kwa miaka mingi bila kujua ina maana gani. Watafiti sasa wanaamini ni mitaro hiyo, ambayo bado ilionekana na kuheshimiwa miaka 300 baada ya kuchimbwa.

Uzito wa jambo hili ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Powhatan hakuzaliwa Werowocomoco. Alizaliwa kwenye maporomoko ya Mto James, akahamia huko alipokuwa mtawala mkubwa. Tulikuwa tukidhani mahali pale palipata hadhi kwa sababu yeye alikaa pale. Udongo unaonyesha alifuata hadhi iliyokuwepo tayari, akaketi mahali ambapo watu walikuwa wamepatenga na maisha ya kila siku tangu vizazi vingi. Mandhari ile ilikuwa na kumbukumbu, na siasa yake ilisimama juu ya kumbukumbu hiyo. Hata biashara yake na Waingereza inasomeka vizuri zaidi ukilijua hili. Vipande vya shaba vilivyochimbuliwa pale vimepimwa kikemia vikalingana na shaba ya Jamestown. Shaba nyekundu ilikuwa madini ya heshima ambayo mtawala aliyagawa, na aliwapa Waingereza mahindi ili aipate. Mahindi yenyewe yalikuwa haba: pete za miti ya misonobari ya kinamasi zinaonyesha kwamba ukame wa 1606 hadi 1612 ulikuwa mkali kuliko wowote katika kipindi cha karibu miaka 770. Wageni waliokuja bila chakula walikuwa wakiomba ghala la watu wenye njaa. Mwaka 1609 Powhatan aliuhama mji wake akaenda bara zaidi, mbali na merikebu zao.

Wasomi wa pwani yetu wanaujua ugonjwa huu wa kutafuta jiwe. Kwa miongo mingi magofu ya mawe ya Kilwa na Lamu yalihesabiwa kuwa kazi ya wageni, na nyumba za udongo na fito zilizoyazunguka hazikuchimbwa. Mwanaakiolojia Mark Horton alipochimba Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, alikuta chini ya msikiti wa mawe alama za nguzo za misikiti midogo ya miti, wa kwanza ukirudi hadi karne ya 8. Adria LaViolette, aliyechimba Pujini na Chwaka kisiwani Pemba na kusisitiza umuhimu wa nyumba za watu wa kawaida, alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Virginia, katika jimbo lile lile la Powhatan. Ufundi wa kusoma duara jeusi kwenye udongo ni mmoja, na chuki iliyozuia usomwe mapema ilikuwa moja pia.

Kwenye mito hiyo hiyo ya ghuba ya Chesapeake kuna ushahidi wa aina nyingine ambao naupenda zaidi, ule wa chaza. Wenyeji walikula chaza kwa zaidi ya miaka 3,000 wakaacha malundo ya makombe kando ya maji. Mwaka 2016 timu iliyoongozwa na Torben Rick wa Taasisi ya Smithsonian ilipima maelfu ya makombe hayo na kuyalinganisha na ya zama za kale zaidi na ya leo. Katika uvuvi kupindukia, ukubwa wa chaza hupungua kadiri muda unavyokwenda, kwa sababu wakubwa huliwa kwanza na wadogo hawaachwi wakue. Makombe ya wenyeji hayaonyeshi mporomoko wa namna hiyo. Walikusanya kwa mkono kwenye maji mafupi, na miamba ya chaza iliyokuwa kina kirefu ikabaki kuzalisha mbegu. Baadaye zikaja nyavu za chuma za kukokotwa na merikebu katika karne ya 19, na leo chaza wa Chesapeake ni sehemu ndogo sana ya waliokuwepo. Sisemi wenyeji walikuwa malaika wa mazingira, kwani huenda zana zao tu ziliwawekea mpaka. Ila rekodi ya miaka 3,000 ya kula bila kumaliza ni rekodi ambayo taasisi zetu za uvuvi zingeipokea kwa mikono miwili.

Tukipanda kaskazini hadi New England, yaani majimbo ya kaskazini mashariki mwa Marekani kama Massachusetts, tunakutana na utupu wenyewe, na tunaona ulivyotengenezwa. Mwaka 1605 Mfaransa Samuel de Champlain aliingia kwenye bandari moja ya Massachusetts akachora ramani yake. Ramani hiyo ipo. Inaonyesha nyumba na mashamba ya mahindi yaliyozunguka maji. Kati ya 1616 na 1619 maradhi yaliyoletwa na meli za Ulaya yaliifyeka pwani ile. Vijiji vingi vilipoteza karibu kila mtu. Mwaka 1620 walowezi wa Plymouth walishuka kwenye bandari hiyo hiyo, katika kijiji cha Patuxet, wakakuta mashamba yaliyokwisha kufyekwa na hakuna wa kuyalima. Wakamshukuru Mungu kwa kuwaandalia mahali. Asiyekuwapo na lake halipo, wahenga walisema, na sijui mahali ambapo msemo huo ulitekelezwa kwa ukatili zaidi. Kilichotenganisha bustani ya Champlain na nyika ya walowezi ni miaka 15 na makaburi.

Hata wanaakiolojia wa karne ya 20 walibishana kama kulikuwa na vijiji vya kweli kwenye pwani hiyo kabla Wazungu hawajafika, kwa kuwa walichokuwa wakikuta ni kambi ndogo ndogo. Katika miaka ya 1980, kiwanja kimoja cha Narragansett, Rhode Island, kilipokuwa kikiandaliwa kujengwa nyumba za kisasa, kilikutwa kimejaa alama za nyumba, mashimo ya akiba na mahindi ya miaka ya 1100 hadi 1300. Huko Cape Cod, mchanga uliopeperushwa na upepo ulikuwa umefunika shamba zima na kuhifadhi vituta vyake vidogo vya mahindi. Kwenye vituta kama hivyo mahindi yalipandwa pamoja na maharage na maboga, maharage yakipanda juu ya bua na majani ya boga yakifunika udongo usikauke. Mkulima wa Mbeya au Kakamega anayechanganya mazao hayo matatu shambani mwake anaendeleza mchanganyiko uliobuniwa na wenyeji wa Amerika, kwani yote matatu yalitoka huko kabla ya kufika kwetu.

Mjadala mkali zaidi wa sasa unahusu moto. Waingereza wa karne ya 17 waliandika kwamba Wahindi, jina walilowaita wenyeji wa Amerika, walichoma misitu kila mwaka, ikawa wazi kiasi cha kupitika kwa farasi. Maandishi hayo yalijenga imani kwamba New England yote ilikuwa bustani iliyotunzwa kwa moto. Januari 2020 mtafiti Wyatt Oswald na wenzake walichapisha utafiti wa matope ya kale kutoka chini ya maziwa na vidimbwi vya kusini mwa New England. Katika chavua na chembe za mkaa zilizomo humo hawakuona dalili za uchomaji mkubwa kabla ya wakoloni. Uwazi wa ardhi ulikuja na mashoka ya walowezi. Wapinzani walijibu kwa haraka kwamba moto mdogo wa nyasi na majani makavu hauachi mkaa mwingi ziwani, na kwamba sauti za makabila yenyewe zilipuuzwa.

Mimi nawaelewa waliokasirika, lakini nadhani walikasirikia jambo lisilo lenyewe. Oswald na wenzake hawakusema ardhi ilikuwa tupu. Walisema ilikaliwa na watu wengi waliotumia msitu, mto na bahari bila kuubadili msitu kwa kiwango ambacho tope la ziwa lingekinasa. Matope ya ziwani hupima eneo pana; hayawezi kukanusha kwamba kijiji fulani kilichoma kilima chake ili matunda yachipue na swala warudi. Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Kinachonisumbua ni dhana iliyofichika pande zote mbili, kwamba ikithibitika wenyeji waliibadili ardhi kidogo, basi wamepungukiwa na kitu. Dhana hiyo ndiyo ya Winthrop, imevaa koti jeupe la maabara.

Kwa hiyo nataka tuwatazame wale ambao hawakulima. Katika mji wa Boston, wachimbaji wa njia ya treni ya chini ya ardhi walikuta mwaka 1913 vigingi vya miti vilivyochomekwa kwenye tope la kale la bahari. Majengo yaliyofuata yalifunua vingi zaidi, hadi makadirio yakafika vigingi 65,000. Kwanza wataalamu walidhani ni uzio mmoja mkubwa wa kunasia samaki, wakaanza kuwaza ni utawala gani ulioujenga. Baadaye ilibainika kuwa ni nyando nyingi ndogo, zilizojengwa na kurekebishwa kila machipuko na familia chache kwa kipindi cha miaka 1,500, kati ya miaka 5,200 na 3,700 iliyopita. Mvuvi yeyote wa Vanga au Bagamoyo aliyewahi kutengeneza wando kwa fito na kungoja maji yatoke angeutambua ufundi ule. Kwangu mimi, vizazi 60 vya watu kurudi kwenye ufuko uleule, msimu uleule, kuchomeka vigingi mahali palepale, ni umiliki ulio wazi kuliko mnara.

Huko Maine, makazi ya kale yanayoitwa Goddard yalijulikana dunia nzima kwa sababu ya sarafu moja ya Kinorwei ya karne ya 11, ambayo aliyechimba pale mwaka 1957 alisema ameiona. Wapo wanaoitilia shaka. Iwe ya kweli au la, sarafu ile ilizungumziwa kuliko maelfu ya vitu vingine vya pale, vikiwemo vipande vya zana za jiwe la ghuba ya Ramah, ncha ya kaskazini ya Labrador, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapo. Jiwe hilo lilipita mikono ya wawindaji na wasafiri wa mitumbwi, ukanda baada ya ukanda, katika mtandao ambao hakuna Mzungu aliyeuanzisha. Sarafu moja inatafuta mgeni, na mawe yale yanawataja wenyeji. Vivyo hivyo huko Quebec, karibu na Ziwa Mistassini, kilima cha jiwe jeupe kilichimbwa kwa maelfu ya miaka na zana zake zikasafiri mbali. Kwa Wacree ni mahali patakatifu hadi leo. Hapakupandwa mahindi hapo kamwe. Nani atathubutu kusema hapakuwa na wenyewe?

Ushahidi wa udongo una mwenzake, ushahidi wa karatasi, ambao huko Virginia uliharibiwa kwa makusudi. Mwaka 1924 jimbo lilipitisha sheria ya utakaso wa rangi, na msajili wake wa vizazi na vifo, Walter Plecker, aliyekaa ofisini hadi 1946, alitumia mamlaka yake kufuta neno Mhindi kwenye vyeti na kuwaandika watu hao kuwa weusi. Miongo ilipita, serikali ya shirikisho ikawataka makabila walete nyaraka za kuonyesha kwamba wameendelea kuwepo. Wapamunkey walitambuliwa mwaka 2016, na sheria ya Januari 2018 ikayatambua makabila mengine sita, matano yakiwa na asili ya Kialgonkini. Walikutana na Waingereza mwaka 1607, wakangoja miaka zaidi ya 400 kuambiwa kwamba wapo. Wakati huo huo mifupa ya mababu zao ilikuwa kwenye makabati ya makumbusho. Huko Maryland, makaburi ya pamoja ya Wapiscataway yenye mamia ya watu yalifukuliwa katika miaka ya 1930, na sheria ya mwaka 1990 ya kurudisha mabaki ilitoa nguvu kwanza kwa makabila yaliyotambuliwa na serikali kuu.

Mambo yameanza kubadilika kwa vitendo. Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani ilinunua eneo la Werowocomoco mwaka 2016. Mwaka 2022 Warappahannock walirudishiwa hekta 188 hivi za majabali ya Fones, juu ya mto wenye jina lao, mahali ambapo Smith mwenyewe aliandika kukutana na mishale yao mwaka 1608. Akiolojia ilisaidia, kwa kuchora mahali vijiji vilipokuwa. Lakini kabila halikudai majabali kwa sababu ya vigae. Lilidai kwa sababu halikuwahi kuacha kuyaita ya kwake.

Kuna kazi moja isiyoweza kungoja mabishano yetu. Pwani ya Maine ina malundo ya makombe takriban 2,000, baadhi yakiwa yamedumu miaka elfu kadhaa, na chokaa ya makombe ndiyo imehifadhi mifupa ya samaki na zana za mifupa ambazo udongo wenye asidi wa huko ungezila. Lundo la Whaleback huko Damariscotta lilisagwa katika miaka ya 1880 likawa chakula cha kuku. Yaliyobaki yanaliwa na bahari inayopanda, na karibu yote yana dalili za kumomonyoka. Fedha za kuyachimba yote hazipo na hazitapatikana. Itabidi kuchagua lipi lifunguliwe haraka, lipi lilindwe, na lipi liachwe liende na maji. Kwa sasa uamuzi huo uko zaidi mikononi mwa vyuo vikuu na wenye viwanja vya ufukweni. Naamini unapaswa kuanzia kwa makabila ya huko, yaani Wapenobscot, Wapassamaquoddy, Wamaliseet na Wami'kmaq, na wakisema lundo fulani lisiguswe ingawa lina data adimu kuliko mengine yote, lisiguswe.